Webinar au meeting? Mama mmoja alizungumza na spika ya ukutani, nami nikamwambia wamemsikia

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Mvua imenifungia ndani tangu asubuhi, na kuna jambo limenikaa kifuani tangu nikiwa msichana. Leo nalitoa.

Sitapamba. Mahali nilikosea nitasema nilikosea. Mkinitukana kwa comments, basi mtanitukana kwa haki.

Chuo nilichofanyia kazi sikitaji. Msijisumbue kukisia, hata mkipata sitajibu.

Haya. Imeanza na simu.

Mpwa wangu Kevin yuko ofisi ya events ya chuo kikuu fulani. Majuzi alinipigia. "Aunty, wewe ulipanga sherehe za chuo miaka mingi. Tuko na siku ya wazazi na tunaifanya online. Sasa tunabishana hapa, tuchukue webinar au tuchukue meeting?"

Nikamwambia hiyo ni lugha yao, anieleze polepole.

Akanieleza. Webinar, wakubwa ndio wanaonekana na kusikika. Wengine wote wanasikiliza tu. Sura zao hazionekani, maiki zao zimefungwa. Mwenye swali analiandika, halafu mtu wa ofisi anachagua lipi lisomwe na lipi liachwe.

Meeting, kila mtu anaingia na uso wake na sauti yake. Akiwa na neno, anafungua maiki anasema.

Kisha akaongeza, "Bosi anapenda webinar. Wazazi wakipewa maiki wanaweza kutuharibia siku."

Nilinyamaza mpaka akadhani network imepotea. Hallo, hallo, Aunty uko?

Nilikuwepo. Shida ni kwamba swali hilo nilishalijibu zamani, kabla Kevin hajazaliwa. Hatukuwa na internet, tulikuwa na waya na spika. Na nililijibu vibaya.

Turudi nyuma.

Ni miaka ya themanini, chama kimoja. Wale mlikuwepo mnajua. Wale hamkuwepo ulizeni wazazi wenu, na mkiona wanapunguza sauti kabla ya kujibu, hilo ndilo jibu lenyewe.

Mimi nimetoka upande wa Kisumu. Nilikuja Eldoret nikiwa na cheti cha taipu na sanduku moja. Nikapata kazi ya kuchapa barua ofisi ya registra, na baada ya muda nikapandishwa, nikawa msaidizi wa sherehe. Nilikuwa na meza yangu na funguo za ukumbi. Watu wazima waliniita Madam. Nilijiona nimefika, kweli, na nilikuwa naogopa kushuka kuliko kitu kingine chochote.

Mwaka huo wanafunzi walikuwa wamefanya fujo juu ya chakula. Sahani zikavunjwa, madirisha pia, wote wakarudishwa nyumbani. Baada ya wiki kadhaa wakaitwa tena, isipokuwa wachache walioandikwa kwenye orodha. Hiyo orodha niliichapa mimi kwa mkono wangu. Ilikuwa fupi, kwa hivyo majina yote niliyajua.

Jina moja lilikuwa Ndirangu, kijana wa Yamumbi.

Mama yake nilimjua kwa macho. Kila wiki alikuwa anakuja getini na kitambaa chake cha kijani na kikapu. Askari wanamwambia arudi wiki ijayo. Wiki ijayo anarudi. Mimi nikipita naangalia upande mwingine, kama nina haraka.

Basi tukapanga siku ya wazazi. Nia ilikuwa kuwatuliza, waone chuo kiko shwari. Mkuu wa chuo angehutubia, mgeni wa serikali angesema mawili matatu, halafu chai.

Kadi za mwaliko nilichapa mimi, na hapo nikafanya kosa la kwanza. Nilitumia orodha ya anwani ya zamani, ya kabla ya fujo. Kwa hivyo Mama Ndirangu pia akapata kadi. Sikujua.

Yeye alikuwa ameandikisha barua tatu kwa chuo kuhusu kijana wake, hakujibiwa hata moja. Sasa mtu wa namna hiyo akipokea kadi yenye muhuri wa chuo, ataelewa nini? Alielewa kwamba ndiyo majibu, wamekubali kuzungumza naye.

Shida nyingine ilikuwa ukumbi. Ulikuwa mdogo, haungeingiza watu wote. Tukaamua wageni wa heshima na wazazi wachache wanaojulikana waingie ukumbini. Wale wengine, wakulima wa Soy, Ziwa, Yamumbi na kwingine, wakae kwa mess pale wanafunzi wanakulia, na watawekewa spika wasikie hotuba.

Fundi wa spika alikuwa Mzee Barasa. Mtu mpole, anatembea na bisibisi mfukoni hata akienda kanisani. Alikuja ofisini siku moja kabla, akaniambia hivi:

"Madam, waya ninao wa kutosha. Naweza kupeleka sauti mess na kurudisha ingine ukumbini. Naweka maiki pale mess. Mzazi akiwa na neno, mkuu wa chuo anamsikia akiwa amekaa tu."

Mnaona, wakuu? Meeting. Mzee Barasa alikuwa amenipa meeting kabla haijaitwa meeting.

Nikaenda kwa bosi wangu. Hata hakuinua macho. "Sherehe ni yako, amua wewe."

Hapa nataka mnielewe vizuri. Hakuna mtu alinilazimisha. Kwa miaka mingi nimejiambia nililazimishwa na nyakati. Nyakati hazikuwa ofisini siku hiyo. Nilikuwa mimi peke yangu na Mzee Barasa anasubiri jibu mlangoni.

Niliwaza hivi. Mgeni wa serikali atakuwa ukumbini. Wazazi wengine wana hasira. Mtu akisema neno baya kwa maiki siku hizo, swali la kwanza halikuwa nani amesema. Swali lilikuwa nani alimpa maiki.

Nikamwambia Mzee Barasa waya mmoja unatosha.

Akasema, "Sawa, Madam." Lakini alikaa kidogo mlangoni kabla ya kwenda.

Na ili nisionekane mbaya, nikaweka kikapu cha karatasi mess, mwenye swali aandike. Kama hayo maswali ya kuandikwa ya kina Kevin. Maswali yatakayojibiwa nilikuwa nishayachapa tangu juzi, na watu wa kuyauliza nikawaweka ukumbini, viti vya mbele.

Siku ikafika. Saa nne asubuhi mess imejaa. Makoti ya harusi, viatu vimepakwa rangi lakini vina matope pembeni, wamama wamebeba maziwa na mayai ya kuwapelekea watoto wao. Spika ilikuwa juu ya ukuta, sanduku la mbao limepigiliwa karibu na dirisha la kugawia chakula.

Mimi nilikuwa naenda na kurudi, ukumbini, mess, ukumbini. Nyuma kabisa mess kulikuwa na wanaume wawili nisiowajua, hawakunywa chai. Niliwaona mapema sana. Siku hizo ulijifunza kuwatambua watu wa usalama.

Hotuba zikaisha. Sauti ya mkuu wa chuo ikatoka kwenye spika, nzuri, ya upole: "Sasa kama kuna mzazi aliye na neno, karibu. Tuko hapa kuwasikiliza."

Alikuwa anaongea na wale wa viti vya mbele. Lakini mess nani angejua?

Mama Ndirangu akasimama.

Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akaweka kikapu chini ya benchi. Akafunga kitambaa vizuri. Akatembea mpaka chini ya ile spika, akashika kadi yake kwa mikono miwili, akainua uso. Akaanza.

"Bwana mkuu, asante kwa kuniita. Mimi ni Mama Ndirangu wa Yamumbi. Sina maneno mingi."

Mess nzima hakuna aliyecheka. Nao waliamini kama yeye: kama sauti inatoka pale, basi pale pia inaingia.

Akaeleza. Siku ya fujo kijana wake hakuwa chuoni. Alikuwa amepata ruhusa ya kwenda nyumbani, akaenda na mama yake depo ya mahindi, kwa foleni ya kuuza. Foleni ilikuwa ndefu, wakalala pale siku mbili juu ya magunia. Mwenye trekta aliyewabebea yuko, anaweza kuulizwa. Karani wa depo yuko, ameandika siku kwenye risiti, na risiti hii hapa.

Akaitoa kifuani, akaiinua juu ili spika iione.

"Yule kijana hakurusha jiwe. Alikuwa na mimi. Nikidanganya, Mungu anaona. Nawaomba mumrudishe kabla hamjafunga hiyo orodha."

Akangoja jibu.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo mimi nilipotea. Maiki ilikuwa moja tu, ya pale mbele alipo mkuu wa chuo. Muda wote mama anazungumza, ukumbini kulikuwa na mzazi mwingine anauliza lile swali nililomchapia, la vitanda vya hosteli. Hakuwa na maiki, kwa hivyo kwetu mess haikusikika kitu, ni mngurumo tu wa spika.

Mama alipomaliza, naye yule akawa amemaliza. Spika ikasema:

"Asante sana, mzazi. Tumesikia. Hilo jambo tutaliangalia."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja wa Soy akamshika mkono. Mama akageuka, akanitafuta mimi, kwa sababu nilikuwa na beji ya chuo. Uso ulikuwa umelowa machozi lakini anatabasamu.

"Mwanangu, wamenisikia, sindio?"

Mzee Barasa alikuwa kando yangu, karibu na mlango. Akaninong'oneza, "Madam, mwambie."

Nikaangalia wale wanaume wawili. Nikaangalia mess nzima imenigeukia. Nikawaza, nikisema ukweli hawa wote watajua wameketi hapa wakiongea na sanduku. Kutakuwa na kelele, na kelele itakuwa na jina langu.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Wamesikia."

Akanibariki. Akaniwekea mkono kichwani, mbele ya watu, akaniombea nipate mume mzuri na watoto. Nilipata vyote, kwa taarifa yenu, na sijui niweke wapi hiyo.

Mtasema, si ungeenda tu kwa mkuu wa chuo baadaye umweleze? Nilifikiria. Siku iliyofuata niliingiza karatasi kwa taipraita, nikaandika tarehe, nikaandika "Kuhusu", vidole vikakwama. Kutaja jina lililo kwenye orodha ile ilikuwa kama kuomba na lako liongezwe. Hivyo ndivyo nilivyoona. Labda si kweli. Labda mkuu wa chuo angesema lete risiti nione. Hilo ndilo linaniumiza, sikumpa hata nafasi ya kukataa.

Nikaitoa ile karatasi nikaitumia upande wa pili kuandikia vitu vya kununua sokoni.

Jambo baya zaidi ni hili. Mama aliacha kuja getini.

Yule mama wa kila wiki, ambaye askari hawakumchosha, hakuja tena. Kwa nini aje? Wamesikia, wameahidi wataliangalia. Alikaa Yamumbi anangoja. Orodha ikafungwa wiki iliyofuata na jina la Ndirangu likiwa ndani, akawa amefukuzwa kabisa. Askari hawakuweza kumzuia yule mama, barua zisizojibiwa pia hazikumzuia. Mimi nilimzuia kwa maneno mawili na tabasamu.

Miaka ikapita. Siku moja nikakutana naye sokoni Soy. Amezeeka kidogo, anauza viazi. Akanitambua mara moja. Akanijazia mfuko, akakataa pesa yangu. Kisha akauliza taratibu, kama mtu hataki kusumbua:

"Mwanangu, bado wanaliangalia?"

Nikamwambia, "Bado, mama."

Viazi hivyo sikuweza kuvipika. Nikampa jirani.

Sasa turudi kwa Kevin.

Hadithi hii yote sikumwambia. Nilimwambia tu achukue meeting, na bosi wake akikataa aseme Aunty wa miaka mingi kwenye kazi hiyo amesema. Nilimwambia pia ukweli mwingine, sitaki mseme nachukia webinar. Kama ni mhadhara na watu ni wengi kupita kiasi, webinar iko sawa, mtu anajua amekuja kusikiliza na ameridhika. Lakini siku ya wazazi? Mzazi anakuja na jambo lake.

Bosi akakubali, kwa shingo upande. Kevin akanitumia link nami nikaingia, nikajibanza kwa kona yangu ya screen.

Ilikuwa fujo ya kawaida. Kuku wa mtu wanawika, mwingine anapika tunasikia mafuta, baba mmoja anaonyesha paji la uso tu. Bosi lazima alikuwa anajuta.

Kisha nikaona mama mmoja, amekaa nje ya nyumba ya mabati, simu ameishika karibu sana na uso. Mdomo unaenda. Anazungumza kwa bidii, anainua mkono, anaeleza. Hakuna sauti. Maiki yake ilikuwa imefungwa, hakujua.

Wakuu, niliganda.

Na Kevin, bila wasiwasi, kama kitu kidogo tu, akasema:

"Mama, pole, hatukusikii. Bonyeza ile alama ya maiki hapo chini. Ehe, hiyo. Sasa anza tena."

Akaanza tena. Akasema yote. Binti yake alikuwa amenyimwa chumba, na kabla meeting iishe mtu alikuwa ameandika jina lake.

Mimi nilifunga simu nikalia mezani peke yangu. Kumbe yalikuwa maneno hayo tu. Mama, hawakusikii, anza tena. Mzee Barasa alikuwa na waya mwingine kwenye gunia lake. Ingechukua dakika chache.

Wiki hiyo nikaenda Yamumbi. Nikauliza mpaka nikampata Ndirangu. Ana duka la chakula cha ng'ombe, mtu mzima, nywele nyeupe. Wanasema majuto ni mjukuu, wangu ashaota mvi. Mama yake alishafariki, nikaambiwa nikiwa bado sijakaa.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kaunta. Orodha, waya mmoja, spika, "wamesikia", Soy. Yeye alikuwa anapima dairy meal, akaacha kupima.

Kisha akasema:

"Mama alikuwa akituambia wakubwa walimsikiliza siku moja tu maisha yake yote. Kwamba siku hiyo hakuna aliyemkatiza, walimwacha akamaliza. Aliwaambia hata watoto wangu. Alikuwa anajivunia hiyo."

Nikasema, "Nisamehe."

"Ungekuja akiwa hai, madam, ningekushukuru. Angerudi getini, namjua mama yangu. Sasa amelala na hiyo siku yake moja, na wewe umekuja kuichukua."

Mteja akaingia, akamhudumia. Nilingoja kidogo, nikatoka.

Kwa hivyo ninyi mnaopanga mikutano ya vyuo, ya kanisa, ya chama, chagueni mtakayo. Ila ukimwambia mtu karibu tuzungumze, mpe njia ya kuzungumza. Kama ni kusikiliza tu, mwambie mapema, asipoteze siku akibeba risiti kifuani. Na ukimwona anazungumza na hasikiki, usimwonee aibu, usijionee huruma. Mwambie hapo hapo, angali ana nguvu za kuanza tena.

Ninyi mnatumia gani huko kwenu, na nani anashika hiyo maiki? Na kama yupo hapa aliyewahi kumtuliza mtu kwa uongo wa namna hii, aandike, tuko wawili. Hata wa kunilaumu aandike. Nitasoma kila mtu mpaka amalize.